Birika Jekundu Dashibodini: Maswali ya Tanga Kuhusu Kuwasha Gari Baada ya Kumwaga Oili

Barua za Tanga safari hii zimefanana mno, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Karibu zote zinahusu zile sekunde chache baada ya kubadilisha oili, ufunguo umeshazungushwa na taa nyekundu yenye picha ya birika bado inawaka.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina IST ya cc 1300, naishi Chumbageni. Kila nikitoka kubadilisha oili, nikiwasha mara ya kwanza taa ya birika inakaa kama sekunde nne ndipo inazima, na injini inatoa mlio kama mnyororo unaoburutwa, kisha inanyamaza. Fundi wangu anasema ni kawaida. Shemeji yangu anasema injini inajila, filta ilitakiwa ijazwe oili kabla ya kufungwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Fundi wako hajakudanganya, na shemeji yako naye hakukosea sana. Unapofunga filta mpya unaweka kopo tupu kati ya pampu ya oili na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini yako, ya familia ya NZ, inataka lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta, na lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Hiyo tofauti ya lita 0.3 ndiyo inayokaa ndani ya filta na njia zake. Pampu inaijaza hiyo kwanza na kutoa hewa yote, ndipo oili inafika kwenye krenki, inapanda kwenye kemu, mhimili unaofungua vali, na kwenye kikaza mnyororo. Taa nayo inazima presha ikifika kiasi kidogo tu, bar 0.2 hadi 0.5 hivi. Ndiyo maana sekunde mbili hadi tano, kwa siku hiyo moja, hazina ubaya. Mlio unaousikia ni mnyororo: kikaza chake kinasukumwa na presha ya oili, na presha isipokuwepo mnyororo unacheza.

Ila hujatuambia jambo moja. Je, mlio huo unakuja pia asubuhi za kawaida, gari likiwa limelala usiku kucha? Kama unakuja, tatizo haliko kwenye kumwaga oili, liko kwenye filta uliyonunua. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) injini ikizimwa. Filta ya bei ya kutupa ina mpira mgumu, au vali isiyoziba, kwa hiyo kila asubuhi unarudia zile sekunde nne. Mara moja kila kilomita 5,000 si kitu. Mara moja kila alfajiri ndiko injini inakoliwa.

Kabla ya kulipa, chungulia kwenye vile vitundu vidogo vya filta vinavyozunguka tundu kubwa la katikati. Utaona utepe wa mpira. Usukume taratibu kwa kijiti butu: unapaswa kuwa laini na kurudi mahali pake wenyewe. Mpira wa silikoni, ambao mara nyingi ni wa rangi ya chungwa au nyekundu, unavumilia joto la injini kuliko ule mweusi wa kawaida. Kipimo kingine ni filta unayoitoa. Kama imefungwa kwa kulala na gari lilikaa usiku mzima, ikitoka imejaa basi vali yake ilikuwa hai. Ikitoka karibu tupu, usinunue tena ya aina hiyo.

Sasa hoja ya shemeji. Kuijaza filta kwanza kunafaa pale inapofungwa ikiwa imesimama, mdomo juu. Ikiwa imelala au imeinama, jaza hadi theluthi au nusu, subiri karatasi inywe, igeuzegeuze, kisha ifunge haraka. Mimina kupitia vitundu vya pembeni, usimimine tundu la katikati. Vitundu vya pembeni ndiyo njia ya kuingilia, oili ikipita hapo inachujwa. Tundu la katikati ni njia ya kutokea, na mchanga wowote ulioingia hapo unakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Tumeona galoni iliyokaa wazi chini ya mwembe ikitumika kujaza filta kwa tundu la katikati. Afadhali filta tupu.

Je, injini inajila katika sekunde hizo? Kidogo sana, kama huishtui. Kati ya beringi na krenki hubaki utando wa oili ya zamani, na dawa za zinki zilizomo kwenye oili hung'ang'ania chuma hata oili yenyewe ikishatiririka. Utando huo unatosha kubeba injini isiyo na mzigo ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila pedeli kuguswa. Hautoshi kwa mtu wa kupiga resi. Nguvu ya pistoni inayovuta na kusukuma beringi hukua kwa mraba wa mzunguko: ukitoka 800 hadi 2,400 kwa dakika, mzunguko umekuwa mara tatu lakini mzigo huo umekuwa mara tisa. Mafundi wengi wana tabia ya kuvuta resi mbili tatu ili taa izime upesi. Inazima upesi kweli, nanyi mmeshapita juu ya chuma kikavu.

Utaratibu tunaoupendekeza kwa IST: endesha dakika kumi oili iwe vuguvugu, mwaga, acha idondoke dakika kumi hadi kumi na tano. Usiache sampu wazi hadi kesho yake, kwa sababu pampu nayo hukauka ikapoteza uwezo wa kuvuta. Boliti ya sampu ni spana namba 14, ringi yake ndogo ya kuziba (washa) iwe mpya, kaza kwa Nm 38 hivi; ukiikaza kwa bomba refu utang'oa meno ya sampu. Hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka na filta yake, paka mpya oili kidogo, funga kwa mkono hadi mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Mimina oili taratibu kupitia kifuniko cha juu: ikipita inaosha kemu, na hiyo ni faida ya bure. Subiri dakika mbili au tatu ishuke. Washa bila kugusa pedeli ya mafuta, hesabu, taa izime. Ikipita sekunde kumi, zima.

Na galoni ya lita nne si kipimo cha injini yako. Lita 3.7 ikishaingia, zinazobaki zirudi nyumbani na wewe. Oili ikizidi sana krenki huipiga ikawa povu, na pampu inayovuta povu haijengi presha ya maana. Pima kwa kijiti, gari likiwa tambarare, dakika tano baada ya kuzima.

SWALI: Asalaam aleikum. Naendesha Hiace ya dizeli, injini 5L, Tanga na Muheza. Tajiri anataka niweke oili ya 20W-50 kwa sababu injini imechoka, inafuka moshi. Asubuhi ikiwaka inagonga "ka ka ka" mpaka tutoke stendi. Utingo hupiga resi ili ipate joto upesi. Tunakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Anza na utingo. Resi ya baridi ndiyo kosa kubwa hapo, na kuiacha hakugharimu hata senti.

Kuhusu mlio, dizeli ya aina hiyo ikiwa baridi hugonga kwa sababu ya mafuta kuchelewa kuwaka ndani ya silinda, na hilo halina uhusiano na oili. Tofautisha hivi: taa ya oili ikishazima na mlio ukaendelea, kisha ukafifia polepole injini inapopata joto, hayo ni mafuta, angalia plagi za joto na nozeli. Mlio ukikatika palepale taa inapozima, hizo ni beringi zilizokuwa zikisubiri oili.

Sasa uzito. Wengi hudhani 20W-50 ni nzito injini ikiwa ya moto tu. Kwenye joto la nyuzi 40, oili ya 15W-40 huwa na unato (uzito wa kutiririka) wa takriban 105 hadi 115 kwa kipimo cha sentistoki, na 20W-50 hufika 155 hadi 175. Alfajiri ya Tanga ni nyuzi 22 au 24, hapo zote mbili zimezidi kuwa nzito, na ile nzito inachelewa zaidi kupita kwenye chujio la pampu na kupanda juu. Tena filta ina vali ya dharura: tofauti ya presha kati ya nje na ndani ya karatasi ikifika karibu bar 1, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Oili nzito ya asubuhi pamoja na resi ya utingo ndivyo vinavyoifungua. Kwa hiyo kila siku mnazipelekea beringi oili isiyochujwa, wakati ule ule zinapoihitaji zaidi.

Weka 15W-40 ya dizeli yenye alama ya CI-4. Moshi wa bluu unatokana na ringi au sili za vali. Oili nzito itauficha miezi miwili, kisha utarudi. Tajiri apimishe kompresheni kabla ya kununua galoni nyingine. Mkiwa na safari za kupanda Lushoto na kulala huko miezi ya kipupwe, 20W-50 ndiyo kabisa isifikiriwe.

Siku ya kubadilisha oili, dizeli yako ina urahisi wake. Kwenye pampu ya dizeli kuna waya mmoja wa kikata mafuta. Uchomoe, ufunge kwa utepe usiguse chuma, piga stata sekunde tano hadi kumi, pumzisha stata nusu dakika, rudia mpaka taa izime. Kisha rudisha waya na uwashe. Pampu ya oili inahitaji idadi ileile ya mizunguko kujaza filta, iwe polepole au haraka. Faida hapa ni kwamba mizunguko hiyo inapita bila mlipuko juu ya pistoni. Kwa gari dogo la petroli linalomwagwa oili kwa kawaida hatuoni haja ya kazi hii. Kwa daladala lenye beringi zilizochakaa, ni dakika mbili zinazofaa kutumika.

Baada ya kuwaka, nusu dakika inatosha. Ondokeni, ila kwa mguu mwepesi kilomita tatu za kwanza. Kuunguruma stendi robo saa hakupashi injini vizuri, kunachoma dizeli tu.

SWALI: Dukani Barabara ya 13 nimeoneshwa kichupa cha kuchanganya na oili, eti kinaacha utando kwenye chuma ili injini isikwanguke wakati wa kuwasha. Kinafaa?

JIBU: Hapana. Oili yenye daraja la SN au SP kwa petroli, au CI-4 kwa dizeli, imeshatiwa dawa za kulinda chuma kwa vipimo vilivyojaribiwa pamoja. Ukiongeza nyingine unaharibu mchanganyiko usioujua kwa mchanganyiko usioujua. Vile vyenye unga mweupe ndiyo vibaya zaidi, maana unga huo huenda kutulia kwenye karatasi ya filta.

Fedha hiyo iongeze kwenye filta yenye mpira wa silikoni. Ikibaki, nunua oili kwa muuzaji unayeweza kumrudia kesho, galoni iwe na lakiri, na ukishamimina itoboe kabla ya kuitupa. Makopo mazima yanayookotwa gereji ndiyo yanayorudi dukani yakiwa na oili iliyochujwa kwa kitambaa.

SWALI: Shikamoo fundi. Kaka yangu yuko Muscat, gari lake aina ya Raum limekaa Raskazone miezi tisa bila kuwashwa. Amesema nitafute fundi abadilishe oili kisha liwashwe. Jirani ananilaumu, anasema tungekuwa tunaliwasha dakika tano kila Jumapili. Naogopa kuharibu mali ya mtu.

JIBU: Marahaba dada. Lawama ya jirani iweke kando. Injini ikiwashwa dakika tano haifiki joto la kukausha maji, kwa hiyo mvuke na petroli vinaingia kwenye oili na kubaki humo. Hizo Jumapili zingekuwa kama arobaini, yaani kuwashwa arobaini kukavu. Ama gari litembee nusu saa, ama liachwe lilale.

Hofu yako lakini ina msingi, kwa kuwa Raskazone ni baharini. Injini inaposimama, baadhi ya vali hubaki wazi, na hewa ya chumvi huingia hadi kwenye kuta za silinda. Baada ya miezi tisa, utando wa oili kwenye kuta hizo ni mwembamba sana na kutu nyepesi huenda imeanza. Ukiwasha tu kwa waya wa betri ya jirani, ringi zitaikwangua kutu hiyo, na takataka zake zitashuka kwenye oili.

Fundi aanze na kijiti cha kupimia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji: imwagwe na kubadilishwa kabla ya lolote, na chanzo kitafutwe. Ikiwa safi na kipimo kimetimia, aiache kwanza. Anuse tangi: petroli ya miezi tisa ikinuka kama vanishi, itolewe.

Kisha afungue koili na plagi zote nne, na katika kila tundu atie oili ya injini mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Gari likae saa kadhaa, ikiwezekana hadi asubuhi. Halafu azungushe injini kwa mkono, spana namba 19 kwenye boliti ya puli ya krenki, kufuata mwendo wa saa, mizunguko miwili kamili. Ikigoma, asitumie nguvu; aongeze oili na asubiri siku nyingine. Ikizunguka laini, achomoe fyuzi ya EFI ili nozeli zisimwage petroli. Hili lisisahaulike: ukikata cheche peke yake na kuacha mafuta, petroli inaosha kuta ulizotoka kuzipaka oili, na inayobaki inakwenda kuungua kwenye katalisti, kisafisha moshi cha ekzosi.

Atandaze tambara juu ya matundu ya plagi, maana oili itaruka. Apige stata sekunde kumi, apumzishe nusu dakika, hadi mara tatu au nne, mpaka birika lizime. Plagi zikiwa nje injini inazunguka bila kompresheni na beringi zinapata oili bila mzigo. Baada ya hapo arudishe kila kitu na awashe. Litafuka moshi dakika mbili tatu, ile oili ya kijiko inaungua, usishtuke.

Litembezwe kilomita ishirini au zaidi, mkifika Pongwe na kurudi linatosha. Hapo ndipo oili imwagwe, ikiwa ya moto na imebeba unyevu na uchafu wote. Kaka yako amegeuza mpangilio tu: kumwaga kwanza kungeiacha sehemu kubwa ya uchafu ndani, kisha oili mpya ndiyo ingeuokota. Fundi aangalie pia sampu na kopo la filta kwa nje. Chumvi huvitoboa taratibu, na filta iliyokula kutu ikipasuka barabarani injini inabaki bila oili kabla hujafika pembeni.

SWALI: Najifunza kazi gereji moja ya Gofu. Wiki iliyopita tulibadilisha oili na filta, tukawasha, taa ya oili ikakataa kuzima kabisa. Mkubwa wangu akasema piga resi itazima. Nikazima gari. Nilikosea?

JIBU: Ulifanya kazi ya fundi. Taa inayogoma baada ya kubadilisha oili ina sababu zisizozidi vidole vya mkono mmoja, na karibu zote unazigundua bila kuwasha tena.

Pima oili kwanza. Yupo anayefunga sampu, akaitwa na simu, akarudi na kuwasha bila kumimina. Kisha lala chini ya gari. Ukiona oili inatiririka kwenye filta, fungua uangalie kama mpira wa filta ya zamani umebaki umeganda kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Mpira juu ya mpira hauzibi: presha ikianza kupanda, unasukumwa nje na sampu inaweza kuwa tupu ndani ya dakika moja au mbili. Kwa makosa ya siku ya kumwaga oili, hili ndilo linaloua injini kuliko yote, nalo linakaguliwa kwa kupitisha kidole mara moja.

Waya wa swichi ya oili unahitaji umakini. Kwenye Toyota nyingi swichi ikikosa presha huunganisha waya na bodi, na taa inawaka. Waya uliochubuka ukigusa chuma, taa haitazima hata presha ikiwa nzuri. Waya ukichomoka, taa haitawaka kamwe, na hilo ni baya zaidi kwa sababu linakudanganya. Basi kabla ya stata, weka ufunguo kwenye ON uhakikishe birika limewaka. Lisipowaka, usimkabidhi mtu gari.

Yote hayo yakiwa sawa, fungua filta mpya uitazame. Ikiwa kavu, pampu haijashika oili, jambo la kawaida kwa pampu iliyochakaa kwenye gari lililoachwa wazi usiku. Fungua swichi ya oili, sukuma oili safi mililita 200 au 300 kwa bomba la sindano kupitia tundu lake, rudisha swichi, jaza filta, piga stata mafuta yakiwa yamekatwa. Ikiwa filta ina oili na taa bado inawaka, chomoa swichi, funga geji ya presha mahali pake, uzungushe tena kwa stata. Sindano ya geji ikipanda vizuri, swichi ndiyo mbovu. Hapo washa usome geji: injini nyingi ndogo za Toyota zikiwa na joto hazishuki chini ya bar 0.3 kwenye sailensa, na kwa mizunguko 3,000 hupata bar 1.5 au zaidi.

Sindano isiponyanyuka, muulize mwenye gari swali moja: kabla ya kumwaga, mlitia dawa ya kusafisha injini? Dawa hiyo hubandua masizi ya miaka yakashuka kwa pamoja na kuziba chujio la pampu. Swali la pili liulizwe gereji yenyewe: sampu iliwahi kufunguliwa na kufungwa kwa silikoni? Silikoni iliyopakwa nene hujikunja ndani, hukatika, na vipande vyake huishia kwenye chujio hilohilo. Kwa vyovyote sampu inashuka. Ukiirudisha, mkanda wa silikoni usizidi milimita tatu hadi nne, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, na uuache ukauke kama kopo lake linavyoelekeza kabla ya kumimina oili.